Maji ya Kusuuzia

Kuanzia Juni, masika yakishaisha, wingu hulala juu ya Mlima Kasigau tangu alfajiri mpaka kwenye saa nne za asubuhi. Mlima wenyewe una urefu wa mita 1,641 na umesimama peke yake katikati ya nyika, kwa hiyo upepo wa kusi unaopanda kutoka baharini hauna pengine pa kutua mzigo. Unyevu wote unaishia kileleni. Sisi tuliokaa chini, Makwasinyi, tulipata baridi ya wingu lile bila mvua yake. Asubuhi tulizunguka moto wa jikoni tumejitanda shuka. Mchana vumbi jekundu lilitujaa puani. Hicho ndicho kilichokuwa kipupwe chetu, baridi ya asubuhi na ukavu wa kutwa, mpaka Oktoba, mwezi ambao baridi iliondoka na ukavu ukabaki, tena ukaongezewa jua.

Nilikulia kwa nyanya yangu miaka ya 1980, na katika miezi hiyo nyanya alikuwa na ndege. Sisemi kwamba aliwafuga; hapakuwa na tundu wala kamba. Walikuja wenyewe, ndege wadogo wa mbegu, wengi wao wa gramu 10 hivi, wakanywa, wakadonoadonoa, wakaenda zao. Mvua zikinyesha hungewaona uani kwake hata ungewamwagia debe zima la mtama. Kijijini walisema mama yule ana dawa ya ndege. Dawa yenyewe niliiona ikiandaliwa kila asubuhi, na mara nyingi ni mimi niliyetumwa kuipeleka: yalikuwa maji ya kusuuzia vyombo.

Maji ya kwetu hutoka mlimani. Msitu wa kileleni hukamata ukungu, ukungu ukawa matone, matone yakawa vijito, na bomba likayashusha vijijini. Kipupwe kikikolea bomba lilinyong'onyea, foleni ya mitungi ikarefuka, na kina mama wakaanza kuamka usiku kwenda kushika nafasi. Kwa hiyo nyumbani maji hayakumwagwa kabla hayajafanya kazi zaidi ya moja. Yaliyooshea kunde yalisafishia masufuria. Yenye sabuni yalikwenda kwenye shina la mpapai. Yale ya mwisho, yaliyosuuzia sahani na vikombe, yasiyo na povu ila chembe za ugali zinazoelea, nyanya aliyaweka kando katika bakuli la bati. "Ya wale," alisema, akielekeza kidevu kwenye ua wa minyaa. Sikumsikia hata siku moja akiyaita maji ya ndege.

Mtu angedhani ndege huvutwa kwa chakula. Lakini wakati wa kipupwe chakula chao kilikuwa tele: nyasi zilizomea masika zilikuwa zimekauka na kupukutisha mbegu nyika nzima, kuanzia Rukanga mpaka Bungule. Kilichokosekana kilikuwa cha kuteremshia. Ndege anayekula wadudu hupata maji ndani ya mdudu. Anayekula mbegu kavu hana budi anywe kila siku, na asipoyapata karibu huyafuata mbali au huhama kabisa. Nyanya hakuwa ameingia hata darasa la kwanza, na hayo aliyajua kwa kutazama. Ukimwaga wishwa bila maji, alisema, wanakuja kuku tu. Ukiweka maji bila wishwa, wanakuja wote.

Chombo kilikuwa kigae, kipande cha tumbo la mtungi wa udongo uliovunjika kabla sijazaliwa. Alikipenda kwa sababu hakikuwa na kina: palipozama zaidi maji yalifika kiungo cha kwanza cha kidole changu. Beseni lilikuwepo, la plastiki, zuri, na siku moja binamu yangu alilijaza akaliweka pale. Ndege walisimama ukingoni, wakainama, wakaona maji yako mbali, wakaruka. Ndani ya kigae nyanya aliweka kokoto zilizochomoza juu ya maji, na hizo zilikuwa za nyuki. Wakati wa ukavu nyuki wa Kasigau wana kiu isiyo na adabu. Wasipokuwa na pa kusimama wanazama kwa makumi, na waliosalia wanatafuta wa kumlaumu. Palipokuwa na kokoto, nyuki walikunywa upande mmoja na ndege upande wa pili, na sisi tukapita salama.

Kuhusu mahali pa kukiweka hakutaka ubishi na mtu. Kigae kilikaa hatua chache kutoka ua wa minyaa, si ndani ya ua na si katikati ya uwanja. Ndani ya ua, paka au nyoka angejificha na kungoja. Katikati ya uwanja, ndege hawangekuwa na pa kukimbilia kipanga akipita. Nafasi ile aliyoipima kwa miguu yake mwenyewe ilimpa ndege muda wa kumwona adui akitoka, na muda wa kufika penye matawi kabla ya kukamatwa. Nimeona vitabu vya kisasa vya bustani vikitoa shauri hilo hilo kwa michoro na vipimo.

Jioni, jua likiegemea, kigae kilimwagwa na kulazwa kifudifudi hata kama kilikuwa kimejazwa muda si mrefu. Hiyo ilikuwa kwa sababu ya ndovu. Kasigau iko kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu wanaopita katikati hunusa maji kutoka mbali. Watabomoa tangi, watabomoa ukuta wa jiko kwa ajili ya mtungi mmoja. Usiku tulisikia matawi yakikatika upande wa mashamba na watu wakipiga madebe. Nyanya alisema yeye hukaribisha wageni wa kiasi chake.

Jambo lililowashangaza majirani zaidi ya maji lilikuwa ufagio. Kwetu uwanja hufagiwa kila asubuhi mpaka ubaki udongo mtupu wenye alama za ufagio, na mwenye uwanja wenye majani husemwa. Kuna sababu nzuri: nyoka huonekana mapema. Nyanya alifagia kama wengine, ila akiufikia upande wa nyuma ya jiko alisimama. Pale aliacha ukanda wa nyasi kavu zilizosimama na mbegu zake, na pale pale ndipo alipopepetea. Makapi na chenga zilizopeperuka kutoka kwenye ungo zilianguka zikabaki. Mkaza mwana wake mmoja, aliyeolewa kutoka upande wa Voi na mwenye bidii ya bibi harusi, aliufagia ukanda ule wote siku ya kwanza alipofika. Nyanya hakumgombeza. Alichukua kapu lake la katani alilokuwa akisuka, akaenda kukaa kwa jirani mpaka jioni. Ufagio haukuvuka tena.

Sasa nije kwa wageni wenyewe. Wa kwanza kufika, baridi ingali kali, walikuwa wale wekundu. Dume ni mwekundu uso na kifua na domo pia. Jike ni wa kahawia, ana vitone vyeupe ubavuni. Hao hawakuogopa watu hata kidogo. Walifika mpaka kizingiti cha jiko wakaokota chenga karibu na miguu ya nyanya huku akipepeta, na akiinua mguu waliruka kando kisha wakarudi kabla haujatua.

Jua likishapata nguvu walishuka mishigi wa buluu, wawiliwawili. Dume ana kichwa chote cha buluu, kifua hivyo hivyo, na mgongo wa rangi ya vumbi, kiasi kwamba akikupa mgongo anapotea mbele ya macho yako. Mara moja moja dume aliokota unyasi, akaushika kwa ncha ya domo, akaanza kurukaruka tawini mbele ya jike huku akiimba bila kuuachia. Sisi watoto tulisema anacheza ngoma. Mwaka wa 2015 watafiti wa Japani na Ujerumani walichapisha walichokiona walipowapiga ndege hao hao picha kwa kamera ya kasi kubwa: katika kila mruko miguu hupigapiga tawi mara kadhaa, upesi kuliko jicho la mtu linavyoweza kufuata, na jike naye hucheza. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Kwa hiyo ilikuwa ngoma kweli, na sisi tuliona nusu yake tu.

Wa zambarau walikuwa na haya. Kichwa chao ni cha rangi ya mdalasini, tumbo la zambarau iliyoiva, domo jekundu, na duara la buluu kuzunguka jicho. Walingoja chini ya minyaa mpaka kelele ziishe, kisha wakatoka kwa kuvizia, wakanywa mara mbili tatu, wakarudi. Kulikuwa na wa mgongo wa kijani na uso mwekundu, waliopenda kuchakura udongo kwenye ukanda wa nyasi. Kulikuwa na chiriku, waliokuja zaidi kwa kelele kuliko kwa kiu. Na kulikuwa na mmoja wa madoa ya kahawia ambaye dume lake lina mstari mwekundu uliokata koo kutoka shavu hadi shavu. Huyo tulimwita "aliyechinjwa", na binamu yangu mdogo alikataa kula nyama siku ya kwanza alipomwona.

Pia walikuwapo wengine wenye michirizi ya kahawia, wasio na sura ya kukumbukwa, ambao mimi niliwahesabu kuwa shomoro. "Hao ndio wenye mikia," nyanya aliniambia. Nikatazama. Mikia ilikuwa mifupi kama ya wenzao.

"Mikia gani, nyanya?"

"Ngoja."

Mwaka wa 1984 masika hayakuja. Watu wa umri wangu nchini Kenya wanaukumbuka mwaka huo kwa rangi ya ugali, maana serikali iliagiza mahindi kutoka nje na yalikuwa ya njano. Kwetu yalipokewa kwa shukrani na kulalamikiwa kwa wakati mmoja. Mwaka huo uani kulijaa. Ndege wasiofika miaka mingine walifika: kwezi, hondohondo, tetere kwa makundi. Tetere ndio waliomkera nyanya. Ndege wengi huchota tone, wakainua kichwa literemke. Tetere huzamisha domo na kuvuta maji bila kuinuka, na tetere kumi wanakikausha kigae wakati wewe unageuka. Nyanya akakata matawi ya mgunga, akayapanga juu ya kigae miiba ikitazama nje. Mishigi walipenya katikati ya miiba bila kuguswa. Tetere walizunguka, wakatazama, wakaenda. Kuku nao vivyo hivyo.

Chakula mwaka huo hakuwapa. Chenga zote zilikuwa zetu, hata zile za ukubwa wa nukta, na tulipopepeta tulitandika mkeka. Kilichodondoka nje ya mkeka kilikuwa unga wa makapi tu. Maji hayakukatika. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa alivyopanga hesabu yake: alitoa kile ambacho kingemwagwa kwa vyovyote vile, na hakutoa kingine. Watu wanaosimulia habari za bibi zao hupenda kuwafanya watakatifu. Wangu alihesabu hata vijiti vya kiberiti.

Mzee jirani, ambaye nyanya alimwita shemeji, hakuipenda biashara hii hata kidogo. Yeye alilima mtama mwingi kuliko wote upande wetu, na kwake ndege alikuwa ndege. Alisimama kwenye ua siku moja ameegemea fimbo.

"Shemeji, unawanywesha wezi."

"Wezi wana msimu wao, shemeji. Shambani kwako kuna nini cha kuibwa leo?"

"Leo hakuna. Na Januari?"

"Januari nitawafukuza."

"Baada ya kuwalea?"

"Nani amelea? Nimemwaga maji."

Mzee aliondoka akinung'unika. Kesho yake nilimwona mjukuu wake akija kutuomba kigae, kama tuna kingine. Alisema ni cha kuwekea makaa.

Hofu ya yule mzee haikuwa ya kipuuzi. Kwelea, ambao nao ni ndege wadogo wa mbegu, hutembea kwa makundi ya maelfu kwa maelfu, na kila mmoja aweza kula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Wakitua kwenye shamba la mtama asubuhi, mchana unabaki na mabua. Serikali za Afrika Mashariki zimewanyunyizia sumu kutoka angani kwa miaka mingi na bado wapo. Mkulima asiyeweza kutofautisha kwelea jike na mshigi kwa mbali hana sababu ya kumpenda yeyote kati yao.

Nyanya alizaliwa uhamishoni. Mwaka wa 1915, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walishambulia kambi ya Waingereza hapo Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliowaonyesha njia, wakachoma vijiji na kuwapeleka watu wote Malindi. Wengi walifia huko. Waliosalia, pamoja na watoto waliozaliwa mbali na mlima, waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930, na nyanya alikuwa msichana mdogo kati yao. Alisimulia kwamba mama yake aliijua sehemu ya nyumba yao kwa jiwe la kusagia lililokuwa limefunikwa na kichaka. Ningeweza kuandika hapa kwamba mtu aliyezaliwa baada ya kufukuzwa kwao hawezi kumfukuza kiumbe uani pake. Ingependeza sana. Lakini mbuzi wa jirani aliwafukuza, kuku wa jirani aliwafukuza, na mimi alinifukuza kila nilipomwaga maji njiani. Nilipomuuliza kwa nini anawawekea ndege maji, alisema anapenda kuwatazama akisuka. Jicho likichoka na katani, alisema, linahitaji kitu chenye rangi.

Binamu yangu mkubwa aliwapenda kwa namna nyingine. Alisikia kwamba Mombasa kuna mtu anayenunua ndege wa rangi wakiwa hai, akaleta ujuzi ambao kila mvulana wa nyika anao: ungo umeinuliwa kwa kijiti, kijiti kimefungwa kamba, kamba mkononi mwako nyuma ya mlango, na chini ya ungo mtama. Kwa kuwa alikuwa na maji karibu kama chambo, kazi ilikuwa nyepesi. Alipata wawili wa buluu kabla nyanya hajatoka ndani. Nyanya aliuchukua ungo wake. Hakusema habari za ndege. Alisema ungo ni wa chakula na hautawekwa chini tena. Ndege waliachiwa, mmoja akaenda moja kwa moja kwenye minyaa na mwingine akasimama kwanza kigaeni akanywa.

Biashara ile haikuwa ndoto ya binamu yangu tu. Ndege hao wamefungwa katika matundu ya Ulaya na Marekani kwa vizazi vingi, na kwa miaka mingi walinaswa Afrika kwa maelfu kwenda kuuzwa. Umoja wa Ulaya ulizuia kuingiza ndege wa porini, kwanza kwa muda mwaka wa 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, kisha moja kwa moja mwaka wa 2007. Tanzania, iliyokuwa muuzaji mkubwa, ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka wa 2016.

Baadaye vijiji vya Kasigau vilipojenga mabanda ya wageni, nilizungumza na mzee mmoja Mwingereza aliyekuja kutazama ndege. Aliniambia kwao Desemba mchana una saa nane tu, na ndege mdogo asipokula vya kutosha katika saa hizo hafiki asubuhi. Kwa hiyo watu hutundika mbegu kwenye bustani: alizeti, karanga, na mbegu ndogo nyeusi za mmea ambao asili yake ni Ethiopia, ndizo wanazozipenda sana ndege wao wadogo. Yeye mwenyewe aliweka mbegu ndani ya kizimba cha waya chenye matundu membamba, ili njiwa wasipite. Nikamweleza matawi ya mgunga. Aliuliza tunatumia mbegu gani hapa. Nilipomwambia maji, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwao nako, vidimbwi vikiganda, ndege hufa kwa kiu katikati ya barafu, na watu wengi husahau hilo.

Makwasinyi ya siku hizi ina matangi mengi kuliko ile niliyoijua. Mradi wa kaboni wa ukanda wa Kasigau, uliopata hati zake za kwanza mwaka wa 2011, umepeleka sehemu ya fedha kwenye maji na karo za shule, na palipo na koki inayovuja mishigi wapo chini yake, wamesimama foleni kati ya miguu ya watu. Nadhani wanaishi vizuri. Ukanda wa nyasi nyuma ya jiko ndio umekuwa adimu.

Lakini nilikuwa kwenye mikia. Vuli ilianza Novemba kwa radi upande wa Maungu, na baada ya mvua ya pili uani kulikuwa kutupu. Kila shimo la mwamba lilikuwa na maji, kumbikumbi walitoka ardhini, na mishigi, ambao miezi yote ile walikula mbegu tu, sasa walikimbizana na wadudu kwa ajili ya makinda. Wa buluu walijenga kwenye migunga, tena karibu na viota vya nyigu, ambako mvulana mwenye akili hapandi. Ndipo siku moja nikaona juu ya waya ndege mweusi mwenye kifua cha rangi ya machungwa na mkia mara mbili ya mwili wake, akiruka kwa shida kana kwamba ameazima nguo ya kaka yake. Fumbwe. Ni yule yule wa kahawia wa kigaeni, amevaa kwa msimu wa kuoa. Na mkia si kitu pekee alichoficha: fumbwe hajengi. Mwenye kifua cha machungwa jike wake hutaga katika kiota cha wale wa mgongo wa kijani. Mwenye mkia wa unyasi hutaga kwa wale wa zambarau. Kinda lake huzaliwa na alama mdomoni zinazofanana na za watoto wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulisha wote. Kipupwe chote walikuwa wamekunywa pamoja.

Kigae kilioshwa kikarudi kufunika mtungi. Nyanya akapanda mtama. Mwisho wa Januari masuke yalipoingia maziwa walifika kwelea, wakafika mnana, na nyuma yao wakafika wachache niliowafahamu. Mimi niliwekwa juu ya dungu kila asubuhi kabla ya shule, nikiwa na teo na rundo la mawe, nyanya chini akipiga debe. Siku moja mshigi wa buluu alining'inia kwenye suke karibu nami kabisa, nikamtazama.

"Unangoja nini? Tupa!"

"Nyanya, huyu ni wa kigae."

"Kigae kiko nyumbani. Hapa ni shambani. Tupa!"

Nikatupa. Jiwe lilipita juu ya mtama wetu, likavuka mpaka, likaangukia debe la mzee jirani aliyekuwa juu ya dungu lake, naye akasimama kuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlimani kama sasa tumeanza kuwafukuza na watu.